Shule Moja, Mataifa Mengi

Wenzangu wanafunzi, na ninyi ndugu zetu mliotutangulia, yako maswali ambayo watu wasiopata kufika Nakivale hupenda kuniuliza. Huuliza: Mtoto wa Kisomali na mtoto wa Kikongo huwezaje kukaa dawati moja? Huzungumza lugha gani? Wakitaka kiongozi, humchagua nani? Mimi ni mzaliwa wa Kivu. Nilisoma sekondari Nakivale miaka minne, kisha nikaja Mbarara kwa kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo nitajaribu kuyajibu moja moja, kwa yale niliyoyaona.

Kwanza yafaa tupajue mahali penyewe. Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa la jina hilo hilo, na kutoka Mbarara ni mwendo wa kama kilometa 60. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa katika watu wake wa mwanzo. Baadaye walifika Wasomali, serikali yao ilipoanguka mwaka 1991. Wanyarwanda wengine baada ya 1994. Wakongo kwa vita vya 1996 na 1998 na vyote vilivyofuata. Na Warundi wengi mwaka 2015. Wahabeshi, Waeritrea na Wasudani wapo pia. Leo jumla yao ni zaidi ya watu 100,000, na Wakongo ndio wengi kuliko wote.

Hapana ukuta wala seng'enge kuzunguka makazi. Watu hupewa viwanja, hujenga na kulima, na watoto wa Banyankole wa vijiji vya jirani huingia shule zile zile. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawasawa na mtoto wa nchi. Ndiyo sababu darasa moja laweza kuwa na mataifa sita.

Sasa tuje kwenye lugha. Masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mnyankole amekianza mapema, lakini Mkongo na Mrundi wametoka katika shule za Kifaransa. Mvulana aliyekwisha maliza darasa la sita kwao hujikuta amerudishwa nyuma madarasa mawili au matatu, kwa sababu hawezi kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika lugha asiyoijua. Basi usishangae kumwona kijana mwenye ndevu amekaa karibu na mtoto wa miaka kumi na mitatu. Aghalabu huyo mwenye ndevu ndiye bingwa wa hesabu, kwa kuwa hesabu haina Kifaransa wala Kiingereza; lakini swali likiandikwa kwa maneno, hukwama. Wengine huona haya, wakaacha shule. Hilo ndilo jambo la kwanza linalowapunguza wanafunzi wa Nakivale, wala si upungufu wa akili.

Nje ya darasa, lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Walakini kila mtu alikuja na chake. Sisi wa Kivu twasema “bintu” kwa vitu, na “minaenda” kwa ninaenda, na shule twaiita “masomo”. Warundi waliokaa Tanzania husema Kiswahili cha huko, na Wasomali waliopitia Kenya husema cha Nairobi. Mwanzoni tulichekana sana. Baadaye tulichukuliana maneno, hata mgeni asingeweza kutambua nani ametoka wapi. Kwa Waganda wengi wa zamani Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, nao hawakukipenda. Siku hizi mambo yanageuka: mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hapo ndipo mkimbizi wa Kikongo, aliyekuwa wa mwisho katika Kiingereza, huombwa na wenzake awasaidie.

Kuhusu chakula, shule ilitupa posho na maharagwe kila siku. Chakula ni kimoja, majina ni mengi: Waganda husema posho, Wakongo bugali, Wasomali soor, na Watanzania ugali. Mwezi wa Ramadhani Waislamu waliwekewa chakula chao mpaka jua lizame. Jumapili Waprotestanti na Wakatoliki walipokezana chumba kimoja. Mambo hayo hayakutuletea ugomvi, kwa sababu yalikuwa na saa zake na kila mtu aliyajua.

Ugomvi ulikuja wakati wa kuchagua viongozi. Nataka mlione jambo hili vizuri, maana ndilo kubwa. Kura ni hesabu, na taifa lenye watoto wengi laweza kushinda kila mwaka bila kuwauliza wengine. Katika mwaka wangu wa pili mambo yalikwenda hivyo. Wakongo tulishinda vyeo vyote vikubwa, na jioni ile ile Wasomali na Warundi walikula mbali nasi, kila kundi chini ya mti wake. Muda wa majuma mawili hata mpira haukuchezwa. Ndipo mwalimu mmoja akatoa shauri: mgombea asikubaliwe mpaka aandikiwe sahihi na wanafunzi wa mataifa matatu asiyo yeye, na msaidizi wake asiwe wa taifa lake. Tangu hapo aliyetaka cheo ilimbidi kwanza awe na rafiki. Wengine walinung'unika kwamba wingi wao umeonewa. Mimi naona wingi haukuonewa, ulifundishwa adabu.

Msidhani haya ni mambo ya watoto tu. Wazee wa Ankole wanakumbuka Oktoba 1982, watu wenye asili ya Kinyarwanda walipofukuzwa katika mashamba yao. Wengi walikuwa wamekaa hapa miaka zaidi ya ishirini, na watoto wao walisoma na watoto wa jirani. Baadhi walikimbilia Rwanda, wengine makazi ya wakimbizi, na Nakivale ikiwamo. Kukaa dawati moja ni jambo jema, lakini peke yake halitoshi kumlinda mtu, kama hapana desturi wala sheria ya kulitia nguvu.

Mbarara ni habari nyingine. Ni mji wa shule tangu zamani: Mbarara High School ni ya mwaka 1911, Ntare School ya 1956, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha 1989. Rais Museveni alisoma Ntare, na Rais Kagame wa Rwanda, aliyelelewa ukimbizini Uganda, alisoma hapo hapo katika miaka ya 1970. Lakini kule Nakivale mkimbizi ni mmoja wa wengi, na Mbarara huwa peke yake. Hapana anayemchukia, ila hapana anayemjua. Tena karo ni mzigo. Wafadhili wapo, kama ule mpango wa DAFI ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani kuwasomesha wakimbizi katika vyuo vikuu, lakini nafasi ni chache na waombaji ni wengi.

Wako pia waliokiacha kitabu kwa kungoja ndege. Jamaa wakiitwa kwa mahojiano ya kuhamia Marekani, mtoto huona hapana haja ya mtihani wa Uganda. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na vijana niliowajua wakabaki bila safari wala cheti. Ndege haiko mkononi mwako, kitabu kiko mkononi mwako.

Basi nina maneno mawili. Kwenu wanafunzi: akija mgeni asiyejua Kiingereza, msimpime akili kwa ulimi wake, mpeni daftari zenu, naye atawapa hesabu. Na kwenu mliohitimu: mnapotuma msaada shuleni, mkumbukeni yule kijana mwenye ndevu katika darasa la watoto. Karo ya mwaka mmoja yaweza kumfikisha mtihanini kabla hajakata tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.