Kitambi Si Cheo

Kwa miaka mingi ugonjwa wa kisukari umehesabiwa nchini mwetu kuwa ni maradhi ya wakubwa: ya mkurugenzi asiyetembea kwa miguu, ya tajiri asiyeinua mzigo, ya mtu aliyeshiba. Dhana hiyo haikuzuka bure, lakini leo imekuwa ya hatari. Inamtuliza mkazi wa Buguruni asiyepaswa kutulia, na inampa mtumishi wa Serikali sababu ya kuelekeza macho yake pengine.

Hebu tuangalie hesabu zenyewe. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1989, ulionyesha kuwa watu wazima wenye kisukari hawakufikia hata mmoja katika kila mia. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2000, uliwalinganisha wakazi wa Ilala, jirani na Buguruni, na wanakijiji wa Shari mkoani Kilimanjaro. Kijijini walioonekana na ugonjwa huo walikuwa asilimia 1.7 ya wanaume na asilimia 1.1 ya wanawake. Ilala walikuwa asilimia 5.9 na 5.7. Unene nao ulikuwa mwingi zaidi mjini. Upimaji wa mwaka 2012 uliofanywa mikoani ulikuta asilimia 9 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Ingawa vipimo havikuwa vya namna moja, mwelekeo wake hauna shaka. Wala Ilala si Oysterbay. Ni mahali pa makarani, mafundi na wachuuzi.

Sababu yake inaeleweka. Mafuta yanayojikusanya tumboni huifanya insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, ipungukiwe nguvu ya kuingiza sukari mwilini itumike. Kongosho hulazimika kufanya kazi ya ziada, na hatimaye huchoka. Ndipo sukari inapozagaa katika damu, ikaharibu macho, figo, mishipa na nyayo. Mara nyingi mgonjwa hukaa miaka kadhaa bila ya kujua, maana mwanzoni hakuna maumivu.

Watafiti walipowafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, waliwakuta wameongezeka zaidi ya kilo mbili kila mmoja, kwa wastani, katika muda wa miezi 12 tu. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za sulubu walishuka kutoka karibu asilimia 79 hadi asilimia 27. Jembe limebaki kijijini, na mahali pake pameshikwa na kiti cha daladala, meza ya biashara na lindo la usiku.

Hapa ndipo suala la tabaka linapojitokeza waziwazi. Mwenye nacho hunenepa kwa kupenda. Anaweza kununua samaki na matunda, na akiugua anaye daktari wake. Mtu wa kipato kidogo hunenepa kwa kulazimika. Anayetoka Buguruni alfajiri na kurudi usiku hula kinachojaza tumbo haraka na kwa bei nafuu: maandazi na chai yenye sukari nyingi, chipsi zilizokaangwa, wali mwingi na mboga kidogo, soda ya kupozea joto. Hatuwalaumu mama lishe, ambao bila wao mji huu ungeshinda na njaa. Tunasema tu kwamba ugonjwa uliopanda ngazi kwanza sasa unashuka, na huko chini unamkuta mtu asiye na akiba ya kupimia, ya nauli ya kwenda kliniki, wala jokofu la kuhifadhia insulini.

Lipo pia jambo la heshima. Kwetu kunenepa kumehesabiwa kuwa ni dalili ya raha, na mke akikonda mume hulaumiwa. Tangu ukimwi ulipoingia katika miaka ya 1980, wembamba umezidi kutiliwa mashaka. Kwa hiyo hakuna daktari atakayefaulu kwa kumwambia mtu apungue tu. Yapasa jamii yenyewe ikubali kwamba kitambi si cheo.

Habari hii inawahusu vilevile ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Wengi wao wana jamaa Buguruni, Ilala na Temeke, na maisha ya Ng'ambo hayatofautiani sana na ya huku.

Kinga ipo. Katika majaribio yaliyofanywa Finland na Marekani, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2001 na 2002, watu waliokuwa karibu kuugua walipunguza uzito kiasi, wakabadili chakula na kufanya mazoezi. Hatari yao ilipungua kwa asilimia 58. Huko Marekani mazoezi yenyewe yalikuwa dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kulitosha.

Lakini mtu atatembea wapi, ikiwa kando ya barabara hakuna njia ya miguu na kiwanja cha watoto kimegeuzwa gereji? Ndiyo maana tunasema jukumu hili haliwezi kuachiwa wizara ya afya peke yake. Halmashauri zilinde viwanja vya wazi. Zahanati za mitaani zipewe mizani, futi ya kupimia kiuno na vifaa vya kupimia sukari, ili mgonjwa agunduliwe kabla ya kufikishwa Amana, Muhimbili au Mnazi Mmoja akiwa na kidonda mguuni.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakasoma, wakajadiliana, wakachimba vyoo na kulima bustani. Wakati ule adui alikuwa upungufu wa chakula na uchafu wa mazingira. Adui wa leo amebadili sura, lakini njia ile ya kuwafikia wananchi mitaani mwao, kwa lugha yao na kwa heshima, bado inafaa. Viongozi wetu waifufue, na waanzie Buguruni.