Ekzosi si ya kupunguza kelele tu

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika Kisarawe na Kibaha, mngurumo husikika mashambani tangu alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo haujaamka. Ni mashine za kubeba mgongoni zinazorusha salfa kupambana na ubwiriunga. Injini zake ndogo ni za mipigo miwili, sawa na za misumeno ya mnyororo.

Mashine inawaka vizuri, lakini ukivuta mafuta inazubaa. Wa kwanza kulaumiwa ni kabureta. Mara nyingi anaonewa; mkosaji ni ekzosi.

Injini ya bodaboda, ya mipigo minne, ina mpigo mzima wa kutoa moshi. Ya mipigo miwili haina anasa hiyo: tundu la moshi likiwa bado wazi, mchanganyiko mpya wa petroli, oili na hewa tayari unaingia. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, mzunguko mmoja hauchukui hata sehemu ya mia ya sekunde. Moshi ukichelewa kutoka, mchanganyiko unakosa nafasi. Njia ikiwa wazi mno, nao unatoka nje haujaungua.

Aliyelielewa hilo kuliko wengi ni Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za MZ, Ujerumani Mashariki. Ekzosi zake zilitanuka, kisha zikabana. Penye kutanuka, wimbi la moshi lilirudi likivuta uchafu kutoka silinda. Penye kubana, lilirudi likisukumia ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na siri hizo; mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiendesha Suzuki.

Lakini ekzosi ya aina hiyo hufaa kwa kasi iliyopimiwa tu, ndiyo maana ekzosi ya mashine ya salfa ni kisanduku kifupi. Kukikata au kukitoboa, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, huongeza kelele kuliko nguvu. Pia huweza kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko, na hapo injini huchemka na pistoni hukwama.

Kwa hiyo mashine ikizubaa, kagua kwanza wavu wa kuzuia cheche ndani ya ekzosi, ambao huzibwa na masizi, hasa oili ikizidishwa. Injini ikipoa, ufungue, uusugue kwa brashi ya waya. Pandisha pistoni izibe tundu la moshi, kisha kwangua masizi kwa kijiti cha mti, si bisibisi. Wavu ukitoboka nunua mwingine. Usipulize bila wavu, maana vumbi la salfa linashika moto.