Geji ya Mafuta Ikidanganya, Usikimbilie Kufungua Tanki

Mshale wa geji ya mafuta haupimi mafuta, unapima umeme. Ndani ya tanki kuna boya linalopanda na kushuka pamoja na petroli, na mkono wake husugua kipande chenye ukinzani. Ukinzani ukibadilika, umeme unaofika kwenye dashibodi hubadilika nao, na mshale husogea. Katika magari mengi ya zamani ya General Motors, omu 0 ni tanki tupu na omu 90 ni tanki lililojaa. Katika Toyota nyingi mambo yamegeuzwa, tanki likijaa ukinzani hushuka. Kwa hiyo mshale uliogandia kwenye E huenda umesababishwa na boya lililotoboka, waya uliokatika, ethi iliyoota kutu au geji yenyewe kufa. Ni boya tu, kati ya hayo yote, lililomo ndani ya tanki.

Ndiyo maana mpangilio wa kutafuta hitilafu ni suala la afya, si la ufundi peke yake. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar es Salaam au Mombasa. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la gereji, na unaweza kufika palipo na mtu anayechomelea. Tena una benzini, ambayo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na ambayo huharibu uboho unaotengeneza damu. Mwenye gari huuvuta mara moja akaenda zake. Fundi huuvuta mwaka nenda mwaka rudi.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji kugusa petroli. Baada ya kukagua fyuzi, swichi ikiwa imezimwa, plagi ya waya wa boya huchomolewa. Kisha swichi huwashwa na mshale kutazamwa. Huzimwa tena, waya wa geji unaunganishwa na ethi, na kuwashwa kwa muda mfupi. Mshale ukienda ncha moja, kisha ncha ya pili, geji na waya ni vizima na kasoro iko tankini au kwenye ethi ya boya, ambayo hukaguliwa kwanza. Usipotikisika, kufungua tanki ni kujihatarisha bure. Magari mapya ambayo ishara ya boya hupitia kompyuta yasifanyiwe hivyo. Hayo husomwa kwa mashine ya uchunguzi.

Mafundi wengi watasema kinachokufa mara nyingi ni kifaa cha ndani ya tanki, basi kwa nini kuzunguka? Hoja ina uzito. Mwaka 2004 nchini Marekani, petroli yenye salfa iliyozidi iliharibu geji za magari mengi, hasa Florida, kwa kula viunganishi vya fedha vya kifaa hicho hicho. Lakini kipimo ni cha dakika chache, na kikithibitisha kuwa kasoro iko tankini, tanki hufunguliwa mara moja tu, mafuta yakiwa machache, mahali pa wazi, betri ikiwa imefunguliwa. Wengine huona heri kuiacha geji na kuhesabu kilomita. Foleni huharibu hesabu hiyo, na pampu ya umeme iliyo ndani ya tanki hupozwa na petroli yenyewe: ikizoea tanki karibu tupu, huchemka na kufa mapema.

Linalonitia hofu zaidi ni mpira wa kunyonyea kwa mdomo pale tanki linapotakiwa kupunguzwa. Petroli ni nyepesi mno; funda moja likiponyoka kuelekea mapafuni huleta nimonia ya kemikali inayoweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, maana kutapika huipa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali, hasa akikohoa au kuhema kwa shida, na pampu ya mkono itumike badala ya mdomo.