Kabla hujamnyang'anya kishikwambi, sikiliza anachokipiga

Saa saba usiku niliamshwa na sauti ya kucha zikigonga kioo. Nilipotoka sebuleni nilimkuta kijana wangu amekaa gizani, hedifoni masikioni, vidole vinarukaruka juu ya kishikwambi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Sikuuliza kitu. Nilikichukua, nikakifungia kabatini na kurudi kulala, nikiamini nimetimiza wajibu wa mzazi.

Kishikwambi kile tulikinunua kwa ajili ya masomo, kwa fedha ya kujinyima. Kwangu mimi, mtoto anayekiinamia usiku wa manane alikuwa anacheza gemu tu. "Baba watoto, si ungemuuliza kwanza?" mama yao aliniambia asubuhi. Sikumjibu.

Wiki mbili baadaye niliamua kufuta vyote vilivyokuwamo ili nimpe mdogo wake anayeingia darasa la saba. Kijana hakubisha. Aliomba jambo moja: "Baba, naomba usifute ile ya bibi."

Hapo ndipo nilipouliza swali nililotakiwa kuuliza usiku ule.

Mchi na kinu ndani ya kioo

Tulipokwenda kijijini Krismasi, alirekodi mama yangu na jirani yake wakitwanga mahindi. Tuliporudi mjini akaikata sauti ile vipande vipande: mchi ukitua, mchi ukigusa ukingo wa kinu, bibi akishusha pumzi. Kila kipande alikipa kisanduku chake kwenye kioo. Ukigusa kisanduku, kipande kinalia. Ukivigusa kwa kufuatana, ngoma inapigwa. Alikuwa na biti ya dakika mbili na nusu, nami nilikuwa nimebakiza kugusa mara moja tu kuiteketeza.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kwake na kwa prodyuza mmoja wa mtaani kwetu. Kioo cha kugusa hutumika kwa njia mbili. Ya kwanza, kishikwambi au simu yenyewe inakuwa studio, kwa programu kama BandLab ambayo ni ya bure, FL Studio Mobile ya kulipia, au GarageBand kwa wenye vifaa vya Apple. Ya pili, muziki unakaa kwenye kompyuta, na kioo kinakuwa mkono wa kuiongoza: unasogeza sauti juu na chini kwa kidole, kama kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Programu ya TouchOSC ni ya kazi hiyo.

Vifaa hivyo huzungumza kwa lugha iitwayo MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti gani imeguswa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Ndiyo maana kioo kisicho na nyuzi wala ngozi ya ngoma kinaweza kuamuru gitaa, kinanda au mchi wa bibi.

Wala si mambo ya watoto. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Ufaransa, JazzMutant, iliuza kifaa cha kioo kilichoitwa Lemur kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani. Wanamuziki wakubwa kama Daft Punk walipanda nacho jukwaani. Mwaka 2010 iPad iliingia sokoni, na mwaka uliofuata Lemur ikarudi kama programu ya iPad ya takriban dola 50. Mwaka huo huo wa 2010 Damon Albarn wa Gorillaz alitengeneza sehemu kubwa ya albamu ya The Fall kwa iPad akiwa safarini Marekani. Naye Steve Lacy alitengeneza kwa simu muziki wa wimbo mmoja uliomo kwenye albamu ya Kendrick Lamar ya mwaka 2017.

Bibi asahihisha

Februari mama yangu alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Jioni moja mjukuu akamvalisha hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hawa wanaotwanga ni watu au mashine ya kusaga?"

Kijana alicheka, lakini alielewa. Programu ina kitufe kinachonyoosha kila mguso ukae barabara kwenye mstari wake, na yeye alikuwa amenyoosha vyote. Bibi akaeleza kwamba watu wawili wakitwanga kwa kupokezana, anayechoka huchelewa kidogo, na mwenzake humsubiri. Usipomsubiri, michi inagongana.

"Basi twanga wewe, bibi."

Akaweka kidole. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya. Vioo hivi havisomi nguvu, vinasoma badiliko dogo la umeme wa kioo kidole kinapogusa, na ngozi kavu iliyokomazwa na jembe haisomeki vizuri. Mjukuu akamlowesha ncha za vidole kwa pembe ya kanga iliyotiwa maji, mchi ukalia. Akazima kile kitufe cha kunyoosha. Bibi akatwanga kwa vidole viwili, mkono wa kulia akiwa yeye, wa kushoto akiwa jirani yake, kwa muda usiofika dakika mbili. Hiyo ndiyo iliyobaki kwenye wimbo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, na sikuwahi kumwona akicheka na kijana wangu kwa muda mrefu hivyo.

Kabla ya kutoa fedha

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuambia anataka vifaa vya muziki, usikimbilie kununua, na usikimbilie kukataa. Anza na kilichopo nyumbani.

Pima kuchelewa kwa sauti. Gusa kisanduku cha ngoma kwa kucha. Ukisikia kucha kwanza na ngoma baadaye, kifaa kinachelewa. Kwenye singeli, ambayo mara nyingi huvuka midundo 200 kwa dakika, robo ya mdundo ni chini ya sehemu 8 za mia za sekunde. Hapo kuchelewa kidogo tu kunaharibu mapigo. Mara nyingi mkosaji ni hedifoni za Bluetooth. Jaribu za waya kabla ya kulaumu kishikwambi.

Jua kasoro ya kioo. Kidole hakihisi kisanduku kinaanzia wapi, hivyo macho hayabanduki. Tena, kwa kuwa kioo hakipimi nguvu ya kidole, baadhi ya programu hukadiria ukubwa wa sauti kwa mahali ulipogusa. Mtoto anayetaka kujifunza piano kwa dhati atahitaji kinanda. Anayepanga biti anaweza kwenda mbali kwa kioo pekee.

Usiogope bando. Kishikwambi kikiongoza kompyuta kwa Wi-Fi ya nyumbani, maagizo hayo hayapiti kwenye intaneti. Kupakua programu ndiko kunakokula bando.

Linda masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na mtoto desibeli 75. Kipimo rahisi cha nyumbani: ukimwita kwa sauti ya kawaida akiwa karibu na asikusikie, apunguze.

Fundisha ruhusa. Anayerekodi sauti ya mtu amwombe kwanza. Kijana wangu alimwomba bibi, lakini jirani hakumwomba. Nilimpa simu apige kijijini siku hiyo hiyo.

Tulivyokubaliana

Matokeo yametoka. Amefaulu, ingawa Hisabati imemwangusha na atairudia. Tumeandika makubaliano matatu na kuyabandika kwenye mlango wa jokofu. Saa nne usiku kishikwambi kinarudi sebuleni kwenye chaja. Saa mbili za Hisabati zinatangulia muziki kila siku. Na haruhusiwi kuanza biti mpya kabla hajamaliza aliyonayo, maana nilikuta 41 zilizoishia katikati.

Kinanda alichokiomba sijanunua. Nimemwambia akimaliza nyimbo tano tutazungumza. Mpaka sasa ana mbili.

Mdogo wake naye amepata zamu yake ya kishikwambi, alasiri, kwa masomo. Juzi nilisikia kucha zikigonga kioo mchana kweupe. Safari hii nilivuta kiti, nikaomba hedifoni.

Bibi amesharudi kijijini. Anapiga simu kila Jumapili kuuliza wimbo umefika wapi. Anasema jirani yake, ambaye mchi wake ndio unaoanza, naye anataka kujua atasikilizishwa lini.