Gunia la karibu laweza kuwa ghali: Hesabu za mpango bora na kazi yake sokoni

Mfanyabiashara wa nafaka bei ya mkulima huikuta shambani, na bei ya mlaji huikuta sokoni. Yeye mwenyewe ana uwezo juu ya yale yaliyo katikati: nauli, kodi ya ghala na siku ambazo lori linakaa bila kazi. Hapo ndipo anapopata au kupoteza, na hapo ndipo wengi bado wanapanga kwa mazoea.

Kwa zaidi ya miaka 70 sasa, makampuni ya usafirishaji, viwanda, majeshi na mashirika ya misaada yamekuwa yakitumia tawi la hisabati linaloshughulika na swali hilo hilo: kama mali, magari au mashine ni chache na mahitaji ni mengi, zigawanywe vipi ili jumla ya gharama iwe ndogo kuliko mpango mwingine wowote? Hizi ndizo hesabu za mpango bora. Mfano mdogo unatosha kuonyesha jinsi zinavyofanya kazi.

Mfano wa maghala mawili

Tuchukue mfanyabiashara mwenye maghala mawili ya mahindi. Ghala la Morogoro lina magunia 1,000 na la Korogwe lina magunia 1,500. Wateja wake wako Dar es Salaam, wanaotaka magunia 1,000, na Dodoma, wanaotaka pia 1,000. Nauli za mfano huu kwa gunia moja ni hizi: Morogoro hadi Dar es Salaam Sh. 2,000; Morogoro hadi Dodoma Sh. 2,600, Korogwe hadi Dar es Salaam Sh. 2,800, na Korogwe hadi Dodoma Sh. 5,200.

Wengi wangeanza na njia yenye nauli ndogo kuliko zote, yaani Morogoro hadi Dar es Salaam. Magunia yote 1,000 ya Morogoro yakienda huko, nauli ni Sh. 2,000,000. Lakini Dodoma sasa inabaki kuhudumiwa na Korogwe peke yake, kwa Sh. 5,200,000. Jumla ni Sh. 7,200,000.

Akifanya kinyume chake, Morogoro ilishe Dodoma kwa Sh. 2,600,000 na Korogwe ilishe Dar es Salaam kwa Sh. 2,800,000. Jumla inakuwa Sh. 5,400,000. Magunia ni yale yale na wateja ni wale wale, lakini Sh. 1,800,000 zimebaki mfukoni, ambayo ni robo ya gharama ya kwanza.

Njia iliyoonekana rahisi ilikula mahindi ambayo yalihitajika zaidi kwingine. Hilo ndilo funzo kuu la hesabu hizi: unafuu wa safari moja hauwezi kupimwa bila kuangalia safari zote kwa pamoja.

Kwa maghala mawili, mtu anaweza kujaribu mipango yote kwa kalamu. Hali hubadilika haraka mambo yanapoongezeka. Malori 10 ya kugawiwa njia 10 yana mipango 3,628,800 tofauti. Yakiwa malori 15 na njia 15, mipango inazidi trilioni moja. Hakuna karani wala meneja mzoefu awezaye kuipitia yote.

Bei ya kivuli

Faida ya pili ya hesabu hizi haifahamiki sana kwa wafanyabiashara. Pamoja na mpango wenyewe, hesabu hutoa thamani ya kila kitu kilichopungua. Wachumi huiita bei ya kivuli.

Katika mfano wetu, gunia moja zaidi katika ghala la Morogoro lingeweza kwenda Dar es Salaam kwa Sh. 2,000 na kuliondoa gunia la Korogwe linalokwenda huko kwa Sh. 2,800. Kwa hiyo gunia hilo lina thamani ya Sh. 800 kwa sababu ya mahali lilipo tu. Gunia la ziada Korogwe halina thamani hiyo, kwani magunia 500 tayari yamebaki pale bila mteja.

Mwenye mali akiambiwa kuwa kuhifadhi mahindi Morogoro kutamgharimu Sh. 500 zaidi kwa kila gunia kuliko Korogwe, akubali. Akiambiwa Sh. 1,000, aache. Meneja wa kiwanda anaweza kupima vivyo hivyo kama anunue mashine nyingine, aongeze zamu ya usiku au asifanye lolote. Mashine ambayo haina foleni mbele yake, hata ikiwa ya kisasa kiasi gani, bei yake ya kivuli ni sifuri.

Zilivyoanza

Mwanzo wa hesabu hizi ni kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, shirika moja la plaiwudi la Leningrad, katika Urusi ya Kisovieti, lilimwendea mwanahisabati Leonid Kantorovich na tatizo la mashine zake. Mashine zilikuwa za aina mbalimbali na magogo yalikuwa ya aina mbalimbali, na kila mashine ilikuwa na kasi tofauti kwa kila aina ya gogo. Shirika lilitaka kujua ni mashine ipi ipewe magogo yapi ili kazi itoke kwa wingi. Kantorovich alichapisha njia yake mwaka 1939.

Nchini Marekani George Dantzig, aliyekuwa akifanya kazi ya mipango katika jeshi la anga, alipata mwaka 1947 njia ya hatua kwa hatua ya kufikia jibu bila kupitia mipango yote. Njia hiyo, iitwayo simpleksi, hutoka kwenye mpango mmoja kwenda ulio bora zaidi hadi pasiwe na wa kuushinda, na hadi leo imo ndani ya programu nyingi za kompyuta.

Naye Tjalling Koopmans, mchumi mzaliwa wa Uholanzi, alishughulikia meli za mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tatizo lake lilikuwa meli zinazopeleka shehena na kurudi tupu. Yeye na Kantorovich walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975.

Wenye malori wa Afrika Mashariki watalitambua tatizo la Koopmans mara moja. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Congo linaweza kurudi na shaba. Linalokwenda Kigali au Bujumbura mara nyingi hurudi tupu, kwa kuwa uzito wa bidhaa zinazoagizwa na nchi hizo ni mkubwa kuliko wa zile wanazouza nje. Safari tupu hula dizeli na matairi kama safari nyingine, na anayelipa ni mwenye mzigo wa kwenda. Kampuni inayopanga safari za kwenda na za kurudi katika hesabu moja ina nafasi ya kutoza nauli ndogo kuliko jirani yake na bado ikapata faida.

Kikapu cha chakula

Huduma za jamii zilifaidika mapema. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani George Stigler alitafuta chakula cha bei ya chini kabisa ambacho kingempa mtu mzima virutubisho 9 anavyohitaji, akichagua kati ya vyakula 77. Kwa makadirio ya busara alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 njia ya Dantzig ilijaribiwa kwa tatizo hilo. Makarani 9 wenye mashine za kuhesabia za mezani walitumia kazi ya siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu, lakini hakuwa na njia ya kujua kwamba alikuwa karibu kiasi hicho. Kompyuta ya leo hulimaliza tatizo hilo kufumba na kufumbua.

Swali la Stigler ndilo linaloikabili kila siku Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ila WFP inalo kwa mamilioni ya watu. Programu yake iitwayo Optimus huamua kwa pamoja mambo ambayo zamani yaliamuliwa na idara tofauti: ni vyakula gani viwemo kwenye mgawo, vinunuliwe nchini, nchi jirani au ng'ambo, na vipitie bandari na barabara ipi. Dengu zikipanda bei, programu hutazama kama maharage ya nchi jirani yatatoa virutubisho vile vile kwa fedha chache, nauli ikiwa ndani. Mwaka 2021 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Franz Edelman, tuzo kubwa ya fani hii, na akiba iliyotajwa ilizidi dola milioni 150.

Jambo hilo linamgusa muuzaji wa hapa. Mwaka 2018 WFP ilisaini mkataba wa kununua tani 36,000 za mahindi kutoka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Mnunuzi anayetumia hesabu hizi hapimi bei ya ghalani peke yake. Anapima bei ya gunia likishafika kwa mlaji, pamoja na muda litakaochukua njiani. Muuzaji mwenye bei nzuri lakini asiye na uhakika wa siku ya kupakia anaweza kushindwa na mwenye bei kubwa kidogo aliye tayari.

Hesabu sahihi, lengo bovu

Hata hivyo, kompyuta hutafuta lile iliyoambiwa itafute, na mji wa Boston, Marekani, uliona pande zote mbili za jambo hilo katika mwaka mmoja.

Mwaka 2017 idara ya shule za umma za mji huo, iliyokuwa na mabasi yapatayo 650, iliitisha shindano la kupanga upya njia za mabasi. Wataalamu wa chuo cha MIT walishinda. Programu yao ilichukua kama dakika 30 kufanya kazi iliyokuwa ikiwachukua wapangaji wiki nyingi, na mabasi 50 yaliondolewa barabarani. Akiba ilikadiriwa kuwa dola milioni 5 kwa mwaka.

Desemba mwaka huo huo ikaja hatua ya pili: kubadili saa za kuanza masomo. Lengo lilikuwa wanafunzi wakubwa wapate usingizi wa kutosha na mabasi yatumike kwa zamu nyingi zaidi. Katika ratiba mpya shule nyingi za watoto wadogo zingeanza saa 1:15 asubuhi, na watoto wangetoka mapema mchana. Wazazi wanaofanya kazi walikuja juu, wakiuliza nani atampokea mtoto wakati huo na nani atalipa gharama ya kumtunza hadi jioni. Kabla ya mwezi kwisha idara iliuondoa mpango huo. Dola za mabasi zilikuwa zimeingizwa katika hesabu, lakini mshahara ambao mzazi angeupoteza haukuwa na uzito wa kutosha.

Kantorovich naye alikumbana na mkasa wa namna hiyo. Alieleza baadaye kwamba njia yake ya kukata mabati ilipotumika katika kiwanda cha mabehewa cha Leningrad, mabaki ya chuma yalipungua sana. Lakini kiwanda kilikuwa na agizo jingine la serikali, la kutoa kiasi fulani cha chuma chakavu, na sasa hakikuweza kulitimiza. Uongozi ukaingia matatani kwa kuokoa mali.

Mfanyabiashara aanzie wapi

Mtu mwenye malori matano au maghala matatu hahitaji kompyuta kubwa. Programu ya majedwali ya Excel ina kifaa kiitwacho Solver, ambacho hupokea hadi viwango 200 vya kutafutwa, na hicho kinatosha kwa biashara nyingi za kati.

Kazi ngumu iko kabla ya kompyuta kuwashwa. Kwanza ni takwimu. Nauli iandikwe ile inayolipwa kweli, pamoja na mizani, vibali na siku za kusubiri. Pili ni masharti: lori lisizidishe uzito, dereva apumzike, mahindi yasikae kwenye unyevu. Sharti lisiloandikwa, kompyuta itadhani halipo. Tatu, jibu lisomwe kwa akili. Hesabu ikisema malori 7.4, mtu asikate 0.4 akadhani amemaliza. Kuna kanuni maalumu za vitu visivyogawanyika, na kompyuta iambiwe mapema.

La nne ndilo Boston walilolilipia. Kabla mpango haujaanza kazi, upelekwe kwa dereva, mlinzi wa ghala na mteja, kila mmoja aseme ni mzigo gani umehamishiwa kwake. Gharama inayotoka kwenye daftari la tajiri na kuingia mfukoni mwa mwingine haijaokolewa. Hatimaye itamrudia kwa njia ya dereva aliyeacha kazi au mteja aliyehamia kwa jirani.