Begi la Safari ya Mbugani: Tuchague Lipi, Tutie Nini?

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kwenda mbugani kutazama wanyama ni jambo la wageni wa ng'ambo peke yao, wenye kofia pana na kamera zenye shingo ndefu. Fikira hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Siku hizi familia za Uganda, zikiwamo familia za askari wa jeshi na wa polisi, hutumia likizo kuwapeleka watoto wao Murchison Falls, Queen Elizabeth, Ziwa Mburo au Kidepo, ili wakayaone kwa macho yao yale wanayoyasoma darasani. Jambo hilo ni la kupendeza, kwani mali hiyo ni yetu sote.

Hata hivyo, mara nyingi imeonekana kwamba safari iliyogharimu akiba ya miezi kadhaa huharibika kwa sababu ya kitu kidogo ambacho hakikufikiriwa. Mtoto ana kiu na chupa imezama chini ya nguo. Simba amejilaza kando ya njia, na mama yumo kupekua mfuko kutafuta darubini. Apatapo darubini, simba amekwisha kuingia majanini. Basi leo ukurasa huu unazungumza juu ya begi la siku moja, yaani lile tunaloingia nalo garini alfajiri na kurudi nalo jioni, wakati masanduku yamebaki tulikolala.

Ukubwa na umbo

Begi hili halihitaji kuwa kubwa. Lenye ujazo wa lita 15 hadi 20 hutosha familia ndogo kwa siku moja. Begi kubwa zaidi huleta hasara mbili: kwanza linachukua nafasi ya miguu garini, pili linatushawishi kulijaza vitu visivyo na kazi, na vile vyenye kazi hupotea ndani yake.

Kuna aina mbili za kufikiria. Mkoba wa kutundika begani hufunguka kwa urahisi mtu akiwa ameketi, na huwekwa mapajani bila taabu. Begi la mgongoni halifunguki upesi namna hiyo, lakini huiacha mikono yote miwili huru mtu anapotembea kwa miguu. Kwa mfano, pale Murchison Falls, ambapo Mto Nile unajibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi kabla ya kuporomoka zaidi ya mita 40, kuna njia ya miguu yenye miinuko, na mawe yake huwa yameloa kwa rasharasha. Mahali kama hapo mkono mmoja ni wa kumshika mtoto, na wa pili ni wa kujishikia. Kwa sababu hiyo, familia yenye watoto ingefaa ichague begi la mgongoni ambalo mdomo wake ni mpana na lina mifuko miwili ya nje. Mfuko wa kwanza uwe wa chupa ya maji, wa pili uwe wa darubini.

Wale watakaosafiri kwa ndege ndogo, kwa mfano kutoka Entebbe kwenda Kidepo, wakumbuke kwamba makampuni mengi ya ndege hizo huruhusu kilo 15 hivi tu kwa kila abiria, na hutaka mizigo iwe katika mabegi laini, wala si masanduku magumu. Yafaa kuuliza kabla ya siku ya safari.

Rangi si urembo tu

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mbung'o, yule nzi auumaye mtu kwa ukali na ambaye huweza kuambukiza ugonjwa wa malale, huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Wataalamu wanaowatega hutumia vitambaa vya rangi hizo hizo, na msafiri apitaye katika baadhi ya njia za Murchison Falls huviona vimetundikwa kando ya barabara. Anayebeba begi la buluu au jeusi amejibebea mtego usiokuwa na dawa.

Jambo hili si la mzaha. Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za kandokando ya Ziwa Victoria, na Uganda ndiyo nchi ya pekee duniani iliyo na aina zote mbili za ugonjwa huo. Kwa juhudi za waganga na watu wa vijijini, ugonjwa umepungua sana, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ile aina ya kaskazini-magharibi si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Lakini mbung'o mwenyewe bado yupo. Dawa za kujipaka, ambazo huwafukuza mbu vizuri, hazimtishi sana, na vazi jepesi hulitoboa kwa mdomo wake. Kinga iliyo bora ni shati la mikono mirefu la kitambaa kizito kidogo, pamoja na begi la rangi ya udongo, ya mchanga au ya majani makavu. Rangi hizo zina faida ya ziada, kwani hazionyeshi vumbi upesi.

Neno kwa familia za askari

Katika nyumba nyingi za kambini, begi lililo imara kuliko yote ni lile la kazi la baba au mama. Lina mikanda minene, haliingizi maji, na huenda watoto wakaliomba. Jibu liwe moja tu: begi la serikali ni la kazi ya serikali. Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na sare au vifaa vilivyotengwa kwa ajili ya jeshi bila idhini. Mke, mume na mtoto wa askari ni raia mbele ya sheria hiyo. Vivyo hivyo tuwe na hadhari na mabegi ya mabakamabaka yauzwayo madukani na sokoni. Mtoto aliyebebeshwa begi la namna hiyo huweza kuwaletea wazazi wake maswali marefu kizuizini, na safari ikaishia hapo.

Isitoshe, bunduki na risasi si vitu vya kutiwa katika begi la matembezi. Askari aliye likizoni huingia hifadhini kama mgeni mwingine yeyote, na ulinzi ni kazi ya maaskari wa Mamlaka ya Wanyamapori.

Vitu vya kutiwa ndani

Jambo la kwanza ni maji. Mtu mzima katika joto la mbugani ahitaji lita mbili au zaidi kwa siku. Familia ya watu wanne yahitaji basi lita nane, na lita nane ni kilo nane. Mzigo huo usitiwe katika begi. Uwekwe garini ndani ya jerikeni ndogo safi, na begi libebe chupa moja moja za kujazwa tena.

Cha pili ni darubini. Iliyo nzuri kwa kazi hii huandikwa 8x42, maana yake hukuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Zilizo na nguvu zaidi hutikisika mkononi, na mtoto haoni chochote ila mawingu yanayocheza.

Cha tatu ni mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa kilo moja ya maharagwe makavu na kushonwa mdomo. Ukiwekwa kwenye dirisha la gari injini ikiwa imezimwa, hukaa kama mto, na kamera au darubini hutulia juu yake bila kutikisika. Kazi ikiisha, maharagwe huingia chunguni. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda hekima hiyo.

Vitu vingine ni hivi: sweta kwa kila mtoto, kwani alfajiri mbugani huwa na baridi hata kama adhuhuri itawaka; kofia yenye ukingo; karatasi za chooni na kipande cha sabuni; dawa ambazo mtu huzitumia kila siku; pakiti mbili za chumvi-sukari ya kuchanganywa na maji mtoto akiharisha; bendeji, na tochi ndogo. Dawa zisiwekwe mbele ya gari chini ya kioo, maana joto la mahali hapo huziharibu.

Chakula kiwe kile kisichomwagika wala kuvunda upesi, kama viazi vitamu vilivyochemshwa, chapati, njugu na ndizi. Kitiwe katika bakuli lenye kifuniko kinachobana. Nyani wa kandokando ya barabara wamekwisha kujifunza kwamba ndani ya begi mna chakula, na hawasiti kuingiza mkono dirishani na kuondoka na begi zima, dawa na simu zikiwamo. Kwa hiyo madirisha yafungwe mahali penye nyani, begi likae sakafuni, na asiwepo hata mmoja wa kuwarushia ndizi. Nyani aliyezoezwa kulishwa huwa mkali, na mtu wa kuumwa huwa ni yule ajaye baadaye.

Mifuko ya plastiki tuiache nyumbani. Wanaokusudia kuvuka mpaka wajue kwamba Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya iliongeza tarehe 5 Juni 2020 kwamba hata chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zisiingizwe katika hifadhi zake. Mifuko midogo ya kitambaa hufaa zaidi, kila mmoja na kazi yake.

Kulishona nyumbani

Asiyetaka kununua aweza kulishona au kumpelekea fundi cherehani. Mita moja ya turubai yenye upana wa sentimita 150 hutosha. Kata vipande viwili vya sentimita 33 kwa 43 kwa ajili ya mbele na nyuma. Kata ukanda mmoja wa sentimita 18 kwa 113, ambao utazunguka ubavu mmoja, chini, na ubavu wa pili. Kata kifuniko cha 33 kwa 35, mikanda miwili ya 10 kwa 70 ya kukunjwa mara mbili, na mifuko miwili ya nje ya 33 kwa 25. Ukiacha sentimita moja na nusu kila upande kwa mshono, utapata begi la sentimita 30 kwa 40 kwa 15, yaani lita 18 kamili. Mahali mikanda inaposhikana na begi pashonwe mara mbili kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani yake, kwa sababu hapo ndipo mabegi mengi hukatikia.

Kifuniko cha kufungwa kwa vifungo ni bora kuliko zipu, maana vumbi jekundu huiziba zipu ndani ya siku chache. Aliye na begi la zipu aisugue kwa mshumaa kabla ya safari. Arudipo, alikung'ute begi nje ya nyumba, akague mishono yake asije akaleta kupe ndani, kisha alifue na kulianika.

Begi lirudi na nini?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Mtoto ataona unyoya mzuri, fupa lililokauka, au kipande cha pembe, na atataka kukitia begini kiwe kumbukumbu. Asiruhusiwe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuchukua au kuwa na kitu cha mnyama wa porini bila kibali, kiwe kikubwa au kidogo.

Wazazi wasiishie kukataza tu, bali waeleze sababu. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, bunduki za vita zilielekezwa kwa wanyama wa Uganda. Maelfu ya ndovu wa Murchison Falls waliuawa kwa ajili ya pembe zao, na kufikia mwaka 1983 kifaru alikuwa amekwisha kabisa katika nchi hii. Ilibidi mwaka 2005 vifaru waletwe kutoka Kenya hadi Ziwa, wilayani Nakasongola, ili kizazi kipya cha Uganda kiweze kumwona mnyama ambaye babu zake walimwona bure. Mtoto wa askari yafaa alijue hilo mapema kuliko wengine, maana mzazi wake amekabidhiwa silaha kwa ajili ya kulinda.

Basi, wasomaji wetu, kabla ya likizo ijayo, litoeni begi, mlikague, mlipime, na kila kitu kipewe mahali pake. Waswahili walisema: tahadhari kabla ya hatari. Na mtakaporejea nyumbani jioni, begi liwe jepesi kuliko lilipoondoka: maji yamenywewa, chakula kimeliwa, na kilichoongezeka kiwe ni yale tu mliyoyaona kwa macho.