Hita ya gesi ndani ya kombi kuukuu: Fikiria hewa kabla ya joto

KOMBI za Volkswagen zilizoundwa Ujerumani kuanzia mwaka wa 1950 zingali na wapenzi chungu nzima barani Ulaya na Amerika Kaskazini. Wapo wanaozinunua zikiwa zimeliwa na kutu, wakazikarabati kwa miaka, kisha wakazigeuza kuwa nyumba za kusafiria zenye kitanda, jiko na sinki.

Kampuni ya Westfalia, yenye chimbuko lake katika mji wa Rheda-Wiedenbrück, ndiyo iliyovumisha mtindo huo ilipoanza kuzitengenezea kombi hizo samani za kulalia na kupikia mwaka wa 1951.

Hata hivyo, uzuri wa gari hilo una dosari moja: baridi. Katika matoleo ya kale, injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa. Joto linalowafikia abiria hutokana na hewa inayopitishwa kando ya mabomba ya moshi yenye moto. Injini ikizimwa, joto nalo hukatika. Usiku wa Januari katika milima ya Bavaria au Colorado, kuta zile za bati tupu hugeuka barafu muda mfupi baada ya dereva kuegesha gari.

Ndiposa wamiliki wengi huamua kuweka hita inayotumia gesi ya propeni. Swali la kwanza wanalojiuliza ni mahali pa kuiweka, na aghalabu jibu huwa ni popote penye nafasi. Jibu hilo ndilo chanzo cha hatari. Mahali pa hita hapapaswi kuamuliwa na ukubwa wa nafasi, bali na mambo matatu: hita itavuta hewa kutoka wapi, moshi wake utatokea wapi, na gesi ikivuja itaelekea wapi.

Aina mbili za hita

Kuna hita ambazo moto wake huwaka wazi, zikatumia hewa ileile ambayo wasafiri wanaivuta, na kuwarudishia uchafu wake. Hita nyingi za kubebwa mkononi ni za aina hii.

Aina ya pili ni hita ambazo chumba chake cha moto kimefungwa kabisa. Bomba moja huvuta hewa kutoka nje ya gari, na jingine hutoa moshi nje. Hewa ya ndani ya gari huzungushwa na feni kando ya chumba hicho, ikapata joto bila ya kugusana na moto.

Tofauti ya aina hizo mbili hubainika kwa hesabu. Hita ya kilowati 2, inayotosha kombi ya kawaida, huteketeza takriban gramu 140 za propeni kwa saa. Ili gesi hiyo iungue kikamilifu, inahitaji karibu mita 2 za ujazo za hewa kila saa. Nafasi ya ndani ya kombi ni takriban mita 5 za ujazo tu.

Kwa hivyo, moto wa wazi wa kiasi hicho, ndani ya gari lililofungwa bila tundu, ungepunguza oksijeni kutoka asilimia 21 hadi karibu asilimia 13 katika muda wa saa moja. Zipo hita za wazi zilizo na kifaa cha kuzima moto oksijeni inapopungua, lakini kutegemea kifaa hicho pekee wakati watu wamelala ni kucheza na kifo.

Isitoshe, kila kilo ya propeni inapoungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Hita ya wazi humwaga mvuke huo wote ndani. Vioo hutiririka maji, magodoro hulowa, na kutu ambayo mwenye gari aliipiga vita kwa miaka hurejea kimyakimya.

Muuaji asiye na harufu

Oksijeni inapopungua, gesi haiungui vyema na huanza kutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua kama kawaida. Aliye macho huumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke.

Kwa msomaji wa Limuru au Nyahururu, hadithi hii si ngeni. Jiko la makaa linaloachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya Julai huua kwa njia hiyohiyo. Hita ya kombi ni kisasa zaidi kuliko jiko, lakini kaboni monoksaidi haibagui.

Kwa sababu hizo, hita inayofaa gari la kulala ni ile ya chumba kilichofungwa. Ni baada ya uamuzi huo ndipo suala la mahali linapopata maana.

Mahali panapofaa

Sehemu inayopendelewa na wengi ni ndani ya sanduku lililo chini ya kiti cha nyuma, kile kinachokunjuliwa kuwa kitanda. Hapo hita haichukui nafasi ya miguu, iko karibu na sakafu ambamo mabomba yake yatapitia, na hewa yenye moto hutokea chini kisha ikapanda juu yenyewe.

Hata hivyo, sanduku hilo lina masharti. Lazima liwe na tundu la kutosha la kuirejeshea feni hewa. Pia sharti ligawanywe kwa ubao, maana wasafiri wana mazoea ya kushindilia blanketi na nguo humo. Hita iliyofunikwa kwa blanketi hupata joto kupita kiasi, ikazimika au ikaharibika.

Sehemu ya pili ni chini ya kabati la nguo. Ni rahisi kuifikia wakati wa matengenezo, lakini hupunguza nafasi ya mizigo, na feni hunguruma karibu na masikio ya anayelala.

Sehemu ya tatu ni nje, chini ya sakafu, kwa zile hita ambazo mtengenezaji ameruhusu zifungwe huko. Faida yake ni kwamba nafasi ya ndani haiguswi. Hasara ni kuwa kifaa hupigwa na maji, matope, mawe na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Mabomba ya hewa nayo hupoteza joto kabla halijamfikia mtu.

Popote patakapochaguliwa, mwenye gari hana budi kulala chali chini ya gari kabla ya kutoboa chochote. Katika kombi za matoleo mawili ya kwanza, tangi la petroli liko nyuma, karibu na injini. Katika toleo la tatu, lililozinduliwa mwaka wa 1979, tangi lilihamishiwa mbele. Mahali palipo salama katika gari la mwaka wa 1972 huenda pakawa juu ya tangi katika gari la mwaka wa 1985.

Chini ya sakafu kuna pia mihimili ya chesisi, mabomba ya breki na fimbo ya gia. Mafundi wenye uzoefu hutoboa kwanza tundu dogo, wakashuka kutazama lilikotokea, ndipo wakapanua. Kingo za tundu hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na mianya yote huzibwa kwa gundi inayostahimili joto, ili moshi usirudi ndani kupitia papo hapo.

Njia ya moshi

Bomba la moshi halipaswi kuishia chini ya tumbo la gari. Moshi ulionaswa huko hupenya kupitia matundu ya sakafu, na gari la umri wa miaka 50 halikosi matundu. Bomba linyooshwe hadi ukingoni, mbali na madirisha, mlango na matundu ya friji.

Hapa ndipo upande wa mlango unapoamua jambo. Kwa kawaida, mlango wa pembeni wa kombi za Ujerumani na Marekani uko kulia, ilhali za Uingereza nyingi zina mlango kushoto. Moshi utolewe upande usio na mlango.

Kadhalika, bomba literemke kidogo ili maji yanayotokana na mvuke yasituame ndani yake. Tundu la kuvuta hewa litenganishwe na la moshi kwa umbali unaotajwa katika kijitabu cha mtengenezaji. Liwe pia mbali na injini, kwani mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka na kutoa mvuke unaoweza kulipuka.

Gesi ikivuja

Propeni ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Ikivuja haipai, bali hutambaa sakafuni kama maji na kukusanyika kwenye vishimo. Ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja ya swichi yatosha kuilipua.

Ndiyo sababu mtungi ulio ndani ya gari huwekwa katika kabati lisilopitisha hewa kuelekea ndani, lenye tundu sakafuni linalofunguka nje. Sanduku la hita lililo na viungio vya gesi nalo linahitaji tundu kama hilo, lisilo karibu na bomba la moshi.

Wenye magari ya kale wana mtego mwingine. Vyombo vingi vya zamani vya Ujerumani vilitumia gesi kwa shinikizo la milibari 50, ilhali vya kisasa barani Ulaya hutumia 30. Kuunganisha hita mpya na regyuleta ya zamani ni kosa linaloweza kuleta maafa. Gesi yenyewe pia huchaguliwa: buteni hukataa kugeuka mvuke baridi inapofika nyuzi sufuri, ilhali propeni huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sufuri.

Kiwango cha Ulaya, EN 1949, na kile cha Marekani, NFPA 1192, hueleza kwa kina jinsi gesi inavyofungwa katika magari ya burudani. Nchini Uingereza, mafundi wa gesi huorodheshwa na Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka wa 2009. Mwenye gari anaweza kujitengenezea sanduku na kupitisha nyaya, lakini viungio vya gesi ni kazi ya fundi aliyehitimu. Uvujaji hukaguliwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Hatimaye, ving'ora viwe viwili. Cha kutambua propeni huwekwa karibu na sakafu. Cha kaboni monoksaidi huwekwa karibu na usawa wa pua za wanaolala, na iwapo paa huinuliwa na watu kulala juu, nako kunahitaji chake.

Mtungi wa kilo 3 huipa hita ya aina hii saa 21 hivi za moto mfululizo, yaani usiku mbili au tatu za usingizi mnono. Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Katika kombi, tahadhari hiyo huanza kwa penseli na futi ya kupimia, siku nyingi kabla ya kiberiti kuwashwa.